Bomba Tulilowaahidi Watu wa Machimboni

Vijana wa karakana mmeniomba niandike jinsi kazi ya maji ilivyokuwa enzi zetu, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, tangu nistaafu mke wangu amechoka kuniona nikikagua mabomba ya majirani bila kuombwa. Pili, yapo mambo ambayo mkiyasikia kwa wengine mtayapata yameshapakwa rangi. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Waliopata wanajua, na waliokosa wanajua zaidi. Nitaandika habari ya kazi yenyewe, na sehemu kubwa itakuwa habari ya bwawa la Machimboni, lile mnalonung'unika mkitumwa kwenda kufyeka nyasi zake. Wageni wa ofisi hupelekwa kulitazama na hulisifu. Mimi sina raha nalo, na mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Ubondei nikiwa kijana wa misheni, nimevaa viatu vinavyobana, ninajua Kiingereza cha kutosha kuniingiza matatani. Nilidhani nitapewa meza na kiti. Ofisi ya maji ilinitazama mabega, ikanipeleka karakana, na karakana ikanikabidhi kwa Fundi Kibwana. Alikuwa Mzaramo wa njia ya Pugu, mfupi, mkimya kidogo, na kofia yake ya kitambaa haikutoka kichwani hata akiwa ndani ya mtaro wenye tope la kufika magotini. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nilipomjibu alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya ugonjwa, akaniambia haidhuru, tutajaribu hivyo hivyo.

Siku hiyo ya kwanza alinipa ufito wa chuma. Akaniamuru niusimamishe juu ya bomba lililofukiwa, niweke sikio kwenye ncha ya juu, nisikilize. Nilisikiliza. Akauliza nimesikia nini, nikasema sijasikia kitu. Akasema vizuri, bomba zima halisemi kitu, sogea mbele. Tulikwenda hivyo barabara nzima, mimi nimeinama na sikio juu ya chuma, wapita njia wananionea huruma. Mara ufito ukaleta sauti nyembamba, kama mama anayemnyamazisha mtoto. Kibwana aliona uso wangu tu, hakuuliza. Akachora msalaba kwa kisigino na kuwaambia vibarua wachimbe hapo. Leo mnazo mashine za kazi hiyo, na nasikia huharibika kila mvua zikianza. Ufito wangu bado ninao.

Alinifundisha pia kuunga mabomba ya chuma kwa katani na risasi. Unasokota uzi wa katani, unaushindilia kwenye kiungo kwa tindo na nyundo, halafu unamimina risasi iliyoyeyushwa, na ikishapoa unaigonga mpaka ikae. Kazi hii haina siri ila moja: kiungo kiwe kikavu. Tone moja la maji likibaki ndani, risasi ya moto hulipuka na kumrudia fundi usoni. Kibwana alikuwa anagusa kila kiungo kwa mgongo wa mkono, kisha anakigusa tena kwa shavu lake. Nilicheka mara ya kwanza nilipomwona. Baadaye nikaona mtu wa karakana nyingine akipoteza jicho, nami nikaanza kugusa kwa shavu.

Jambo jingine la Kibwana, ambalo ndilo la habari hii, ni neno lake. Akimwambia mtu kwamba maji yatarudi kabla ya Alasiri, hatoki mtaroni mpaka yarudi. Mara moja tulikaa kwenye mvua siku nzima kwa sababu alikuwa amemwahidi mama mmoja wa Temeke mwenye arusi nyumbani. Nilimwambia mama yule ataelewa. Akanijibu kwamba mama ataelewa, ila yeye hatajielewa. Nilimpenda sana mtu huyu, na naliandika wazi kwa sababu alipokuwa hai sikulisema.

Ikaja vita ya Hitla. Mji ukajaa askari na mabaharia, na maji yaliyokuwa yakitutosha kwa shida yakawa hayatoshi kabisa. Miezi ya kiangazi mabomba yalikuwa yanakohoa upepo. Wakati huo injinia wetu alikuwa Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Kofia, kwa sababu alikuwa na kofia moja na aliitunza kuliko gari lake. Bwana Kofia akapata wazo la kuweka akiba ya maji ya masika ili tuyanywe kiangazi, na mahali alipopaona ni kwenye shimo la kokoto.

Shimo hilo lilikuwa nje ya mji, njia ya Pugu, ng'ambo ya reli. Kokoto za barabara nyingi za mjini zilitoka humo. Zilipokwisha zile nzuri, wenye kazi wakafunga, wakachukua vyombo vyao na kuwaacha wachimbaji. Hao wachimbaji walitoka kila upande wa nchi, na wengi walikuwa wameshaoa hapo hapo, kwa hiyo wakabaki. Nyumba zao za udongo na makuti zilizunguka ukingo wa shimo, na kijiji kikaitwa Machimboni. Ubavuni mwa shimo kulikuwa na chemchemi, maji baridi, matamu, yasiyokauka hata mwezi wa kumi. Chini kabisa wanawake walilima mchicha na mpunga kidogo. Kwa watu wa nje lilikuwa shimo bovu. Kwa watu wa Machimboni ndilo lililokuwa kisima na ndilo shamba.

Mkubwa wa pale, ukiacha jumbe ambaye alikuwa mkubwa siku za kodi tu, alikuwa Bi Mwanaidi. Alikuwa kungwi, amewacheza wanawali wote wa upande ule, na hakuna mwanamke wa Machimboni ambaye hakumwogopa na kumpenda kwa pamoja. Mumewe alichimba kokoto mpaka kifua kikamshinda. Alikuwa mjane mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya shimo bila kupaza.

Tulikwenda kwao, Bwana Kofia, Kibwana na mimi mkalimani. Tuliketi barazani kwa Athumani, kaka yake Bi Mwanaidi, Mzungu kwenye kiti, sisi mkekani. Bwana Kofia alieleza bila kuzunguka. Alitaka shimo. Alitaka chemchemi iingizwe bwawani. Na kwa kuwa saruji yote imekwenda vitani, alitaka shimo lisakafiwe kwa udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa kwa miguu, lakini wanaume wa kukanyaga nao wamekwenda, wengine jeshini, wengine kwenye mkonge. Bi Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maji hayo yatanywewa na nani. Nikatafsiri jibu: mji, hospitali, askari. Akauliza, na sie je?

Bwana Kofia aligeuka akalitazama shimo. Kisha akasema kwamba watapata bomba lao wenyewe, nje ya uzio, la kuteka bure, mara tu bwawa litakapojaa. Nilimwona anavyosema, na mpaka leo naamini hakuwa anadanganya. Bi Mwanaidi akasema basi wanawake watakanyaga udongo, maana wao ndio wanaojua udongo, wanaume wanajua mawe tu. Halafu akauliza dhamana ni nani. Bwana Kofia akasema dhamana ni Serikali.

Bi Mwanaidi alicheka, si kwa ubaya. "Huyo Serikali simjui mama yake," alisema. "Nataka mtu."

Kibwana, ambaye hakuwa ameulizwa lolote tangu tufike, akasema, "Mie hapa."

Hapo Athumani akanyosha viganja na fatiha ikasomwa. Bwana Kofia alivua kofia yake, akaiweka magotini, naye akafungua mikono kama wenzake. Mimi Mkristo nikafungua yangu. Kila mtu akapitisha viganja usoni, ikaletwa chai, na shauri likawa limekwisha.

Njiani nilimwambia Kibwana kwamba ingefaa tumwombe Bwana Kofia aandike jambo lile ofisini. Alinitazama kama nimemtukania mtu. "Fatiha imeshasomwa, Yohana. Karatasi ya nini tena?" Sikumbishia, wala si kwa heshima tu. Na mimi niliona limefungwa. Sote wawili tulikuwa watu wa ofisi ya maji, tulijua kwamba hata msumari hautoki ghalani bila karatasi, na bado tulirudi mjini tumeridhika kabisa. Mtu mgeni wa nchi asingefanya kosa hilo. Angeomba karatasi. Sisi tulikuwa tumelelewa mahali ambapo jambo likishasomewa, kulitaka tena kwa maandishi ni kumwita mwenzako mwongo.

Sasa nieleze kazi, maana kuna kijana aliniuliza kama ni kweli bwawa lile halina saruji. Ni kweli, isipokuwa kidogo penye vali na kisanduku cha mawe tulichojengea chemchemi. Kwanza tulisafisha shimo, tukang'oa mpunga na mchicha. Wanawake waliing'oa wenyewe, kila mmoja tuta lake, na siku hiyo hapakuwa na mizaha. Udongo tuliutoa bondeni, ukaletwa na lori la Bwana Fazal, Khoja mmoja wa mjini, lori ambalo lilikuwa likishuka vizuri sana na kupanda kwa dua. Udongo unamwagwa tabaka jembamba, unanyunyiziwa maji, unakatwakatwa kwa jembe, kisha unakanyagwa peku mpaka hewa yote itoke. Ukiwahi kuweka tabaka la pili kabla la kwanza halijashikana, umejenga kapu.

Bi Mwanaidi alipanga wanawake safu, bega kwa bega, akasimama kwenye ukingo na ngoma ndogo ya kwapani. Alikuwa hapigi kwa furaha, alikuwa anapiga kwa kipimo. Mdundo ukiwa wa polepole, kisigino kinazama; ukienda haraka, ni vidole vinavyofunga nyufa. Nyimbo zao sitaziandika hapa. Nyingi zilinihusu mimi na miguu yangu ya misheni, siku niliyojaribu kukanyaga nikaanguka chali mbele ya injinia. Akitaka kujua kama tabaka limeiva, Bi Mwanaidi alifinyanga bakuli dogo la udongo ule ule, akalitia maji na kuliweka kivulini. Yakiwamo bado wakati wa kwenda nyumbani, tunaendelea. Yakivuja, tunakanyaga tena. Sehemu iliyomalizika ilifunikwa makuti yaliyoloweshwa ili jua lisiipasue, na hapo hapakuwa na Ijumaa wala Jumapili: lazima mtu abaki kunyunyizia. Zamu za Ijumaa nilikaa mimi, za Jumapili akakaa Kibwana.

Sijapata kuona kazi nzuri kama ile. Miguu yao ilipasuka kwa unyevu, wakaipaka mafuta ya nazi na kurudi. Nilikuwa nawauliza kwa nini hawapumziki, na walikuwa wananijibu kwa neno moja, bomba. Mmoja aliyekuwa mjamzito alisema mwanawe hatajua chemchemi, atajua bomba. Athumani alisafisha mahali pa kuliweka, karibu na baraza yake, akapanga mawe ya kuwekea ndoo. Kila Kibwana akipita alikuwa anaombwa apaangalie mahali hapo, naye alikuwa anapima kwa macho na kusema pametulia, maji yatasukuma vizuri.

Masika ikaja, bwawa likajaa, halikuvuja. Nililizunguka bwawa, nikaweka ufito wangu kwenye bomba la kutolea, nikasikiliza, kimya kabisa. Seng'enge ikazungushwa, mlinzi akawekwa, chemchemi ikabaki ndani. Watu wa Machimboni wakaambiwa wasubiri kidogo. Kwa muda huo walikuwa wateke kwenye mto, mwendo mrefu wa kwenda na kurudi, na kiangazi maji yake ni ya kuchota na kata huku ukisukuma majani. Mwezi huo huo Bwana Kofia akahamishwa. Alikuja karakana kuaga, akampa Kibwana mkono, akasema amemweleza mwenzake kila kitu.

Mwenzake alikuwa mtu nadhifu, si mkali, anayejibu kila swali kwa kufungua jalada. Tulipokwenda kumwuliza habari ya bomba la Machimboni, alifungua jalada, akatafuta, akafunga. Halikuwamo. Kibwana akaeleza habari ya baraza na fatiha, mimi nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri, kwa Kiingereza changu chote, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyosikia jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi ndani ya chumba kile. Injinia alisema anasikitika, lakini hawezi kutoa mabomba kwa sababu ya sala.

Kibwana hakukubali. Kila mwezi, siku ya mishahara, wakati sisi tunakwenda dukani, yeye alikwenda kusimama mlangoni pa injinia. Mainjinia wakabadilika, yeye akaendelea kusimama. Wengine walimwahidi, wengine walimtania, mmoja alimwambia akirudi tena atafukuzwa kazi, naye mwezi uliofuata akarudi. Mara mbili alitaka kununua mabomba kwa fedha yake, akaambiwa kwamba kutoboa bomba kuu bila ruhusa ni wizi. Na tuliokuwa tukienda naye bwawani kufanya matengenezo tukaona kwamba ameacha kupita barazani kwa Athumani. Alikuwa anazunguka nyuma, kwenye mikorosho, akiinama chini ya matawi kama mdaiwa. Bi Mwanaidi alijua. Siku moja aliniuliza kwa nini rafiki yangu anawakimbia, nikasema anaona haya. Akasema haya ni nzuri, lakini haijazi ndoo.

Mambo yakaenda hivyo mpaka nywele zangu zikaanza mvi. Kibwana alistaafu, na hakukaa sana. Aliugua tumbo, akafa kwao njia ya Pugu, nami nikachukua ruhusa kwenda kuzika.

Ninyi mnaofuata dini yake mnajua utaratibu, wengine nawaeleza. Maiti ilipokwishaswaliwa, kabla ya kuinuliwa, sheikh alisimama na kusema yale yanayosemwa siku zote, kwamba marehemu alikuwa mwanadamu, alikaa na watu, na kama yupo anayemdai ajitokeze awaone wanawe, na kama yupo aliyekosewa asamehe. Kwa kawaida watu hunyamaza, na mwenye deni la kweli huja jioni kimyakimya. Safari hii mtu alisimama safu ya nyuma. Alikuwa Athumani, ameshakuwa mzee. Alisema ametumwa na dada yake na wanawake wa Machimboni, na kwamba wanaona uzito kusema, lakini wanaona uzito zaidi marehemu aondoke nalo.

"Tunamdai bomba," alisema.

Mwana mkubwa wa Kibwana alikuwa fundi cherehani, hakujua lolote, akamtazama sheikh, sheikh akatazama chini. Athumani akaeleza kwa maneno machache, hakuongeza wala hakupunguza. Kisha sheikh akauliza kama yupo wa kulichukua deni hilo, maana maiti inangoja. Mtoto wa watu angechukuaje bomba, yeye mwenye sindano na uzi?

Nilikuwa nimesimama pembeni, penye ua, pamoja na Wakristo wengine wa karakana. Nikajisikia nasema kwamba nalichukua mimi. Watu wakageuka. Sheikh akaniuliza jina, nikamwambia Yohana, akafikiri kidogo, akamwuliza Athumani kama ameridhika. Athumani akasema huyu tunamjua, alikuwapo. Basi jeneza likainuliwa, likapita mbele yangu mabegani mwa watu, na nilisikia wepesi mkubwa. Nilidhani nimemtendea jambo jema.

Sikusimama mlangoni kama Kibwana. Nilikuwa na Kiingereza, nikaandika ombi, na sasa nilikuwa mtu wa miaka mingi kazini, ombi langu halikutupwa. Nilieleza idadi ya nyumba, nilieleza jinsi zilivyo karibu na bwawa na jinsi bomba litakavyokuwa fupi na rahisi. Nililisisitiza hilo sana. Nilichora hata picha, uzio hapa, nyumba hapa, hatua chache tu kati yao. Injinia wa wakati huo, kijana mchangamfu, alilipenda ombi, akasema ni kazi ndogo, akaliingiza kwenye makadirio ya mwaka. Kabla ya kuanza, kwa utaratibu, akampelekea bwana afya picha yangu ili akapatazame mahali.

Bwana afya alikwenda, akaona. Aliona kile nilichomchorea: nyumba zilivyo karibu na maji ya mji mzima. Aliona vyoo vya shimo, mbuzi, watoto wanaocheza penye uzio. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyekuwa amejali wapi watu wa Machimboni wanaishi, mpaka mimi nilipowaonyesha. Amri ikatoka kwamba hakuna nyumba inayoruhusiwa kuwa karibu namna ile na maji ya kunywa. Nilikwenda kwa injinia kumwomba aliondoe ombi langu. Alinielewa, nadhani hata aliniona huruma, lakini akasema haya sasa si mambo ya bomba, ni mambo ya afya, na kusema kweli bwana afya hakukosea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningempata mtu wa kumchukia, ningelala.

Wakahamishiwa upande wa Tabata, kwenye viwanja vilivyokatwa ndani ya mikorosho, mbali na mto na mbali na kila kitu. Walipewa muda na lori la kubebea nguzo na milango. Nilikwenda siku moja kusaidia kubeba, nikashika kona ya kitanda cha mtu, na hakuna aliyenitukana. Walinikaribisha uji. Athumani alikaa barazani kwake mpaka nguzo za nyumba zilipong'olewa, kisha akasimama, akasaidia kung'oa za baraza. Hakumaliza mwaka huko Tabata.

Bomba lilikuwa limeshaingia kwenye makadirio, kwa hiyo likajengwa. Nilimwuliza injinia tutalijenga kwa ajili ya nani, akasema mlinzi wa bwawa naye anahitaji maji, na fedha isipotumika itarudi. Nililiunga mwenyewe. Niligusa viungo kwa mgongo wa mkono, kisha kwa shavu. Nililiweka pale pale penye mawe ya Athumani, na koki yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kufunga. Likasimama katikati ya uwanja mtupu, mbuzi wa mlinzi wakilizunguka.

Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa pale nakaza koki. Nikaona wanawake watatu wanakuja kwa njia ya reli. Wa katikati alikuwa Bi Mwanaidi, mwili umekwisha, anategemea mkongojo, na mmoja wa wenziwe amebeba debe tupu. Walikuwa wametembea kutoka Tabata. Nilikimbia kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Yohana. Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Fungua."

Nikafungua. Maji yakatoka kwa nguvu, kama Kibwana alivyosema yatatoka. Bi Mwanaidi alikinga kiganja, akanywa, akatafuna kidogo kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Yana dawa," alisema.

"Ndiyo, mama. Ya kuua vijidudu."

"Vyetu?"

Akawapa wenziwe ishara, wakaweka debe chini, wakasimama watatu pamoja, wakafungua viganja, na fatiha ikasomwa kwa sauti ndogo huku maji yakiendelea kutoka. Walipopitisha mikono usoni aliniambia kwamba Kibwana hadaiwi tena, nimpelekee mwanawe habari hiyo. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha, maana nilikuwa mtu mzima tayari. Nikamwuliza kama na mimi nimetoka kwenye deni.

"Umetoka," alisema. "Ulilichukua deni la marehemu, umelilipa, bomba tunaliona." Kisha akageuka akatazama mahali palipokuwa nyumba zao. Mbigili zilikuwa zimeshaanza kuota sakafuni. "Ila hizi nyumba hatukuzisomea kitu. Hizi sijui nimdai nani."

Nikamwambia anidai mimi.

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa uso ule ule aliokuwa akiwatazama wanawake wake wakati wa kukanyaga, akipima kama tabaka limeiva.

"Wewe mtu mwema, Yohana," alisema. "Ungekuwa mtu mbaya, ningejua la kukufanya. Funga bomba, maji yanamwagika."

Nikafunga.